Dawa kali iende na kipimo chake

KATIKA zahanati za Mkoa wa Ruvuma, juu ya meza ya mkunga anayepima akina mama waja wazito, hukutwa, au hutakiwa kukutwa, kichupa kidogo chenye vijiti vya kupimia mkojo. Kijiti kimoja huchovywa katika mkojo, hungojewa dakika moja au mbili, kisha rangi zake hulinganishwa na zile zilizochapwa ubavuni mwa kichupa. Hakihitaji umeme wala jokofu, wala hakihitaji mtaalamu aliyesomea ng'ambo. Hata hivyo huonyesha kama mkojo una protini, una sukari, au una damu ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona.

Mama mjamzito hupimwa kwa kijiti hicho kwa sababu utabibu ulikwisha kujifunza, kwa vifo vingi, kwamba protini katika mkojo wake yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Lakini yuko mgonjwa mwingine anayekihitaji kijiti hichohicho, na ambaye mara nyingi hakumbukwi. Huyo ni yule anayetumia kwa muda mrefu dawa kali ambayo, kwa watu wachache sana, hugeuka ikadhuru damu au figo. Aweza kuwa mwalimu wa sekondari Namtumbo, karani wa halmashauri Mbinga, au hakimu wa mahakama ya mwanzo Tunduru. Dawa amepewa, na dawa inamfaa. Kipimo cha kumlinda na dawa hiyo ndicho kinachoweza kumkosa: vitendanishi vimekwisha, safari ya kukifuata ni ndefu, au mkuu wake wa kazi haelewi kwa nini mtu anayeonekana mzima aombe ruhusa kila mwezi kwenda hospitali.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Moja ya mabishano makubwa ya sayansi juu ya dawa inayodhuru damu na figo lilipata nguvu zake hapa. Miaka ileile Wajerumani walipokuwa wakijiimarisha katika boma lao la Songea, yaani mwaka 1897 na 1898, daktari wao mashuhuri Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza homa iliyokuwa ikiwaangamiza Wazungu waliokuja kutawala, kuhubiri na kufanya biashara. Mgonjwa alianza kwa homa na baridi, kisha mkojo wake ukageuka mwekundu, ukazidi kukolea hata ukawa mweusi kama kahawa. Kwa wengine figo zilifunga kabisa, mkojo ukakoma, na siku chache baadaye wakafa. Iliitwa homa ya mkojo mweusi. Koch alitamka neno lililowaudhi wengi: kwamba kinacholeta mkojo huo ni kwinini, yaani dawa yenyewe ya malaria.

Mabishano yalidumu miaka mingi. Leo yajulikana kwamba Koch hakukosea kabisa, wala hakuupata ukweli wote. Waliopatwa zaidi ni wale walioshikwa na malaria mara kwa mara na kumeza kwinini kwa vipindi, leo wanameza, kesho wanaacha. Chembe nyekundu za damu zilipasuka ghafla kwa wingi, na rangi iliyomo ndani yake ikamiminika katika figo na kuziharibu. Klorokwini iliposhika nafasi ya kwinini katikati ya karne ya ishirini, ugonjwa huo ukawa adimu. Kwinini yenyewe haikuacha kuwa dawa njema. Iliendelea kuwaokoa watoto wenye malaria kali nchini hadi ilipopishwa na sindano ya atesuneti. Iliyokosekana siku zile ni njia ya kumjua mapema yule mmoja ambaye damu yake haikuihimili.

Njia hiyo ilianza kuonekana mwaka 1956, watafiti wa Marekani walipogundua sababu ya primakwini, dawa nyingine ya malaria, kupasua chembe nyekundu za watu fulani na kuwaacha wengine salama. Watu hao huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuikinga chembe nyekundu isiunguzwe na kemikali. Upungufu huo hurithiwa kwa namna inayowapata wanaume zaidi, nao ni wa kawaida katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, Tanzania ikiwamo. Mtu aweza kuishi nao maisha yake yote asijue, mpaka siku atakapomeza dawa isiyopatana nao.

Ajabu ni kwamba somo hilo lilihitaji kufundishwa tena, na hapahapa. Mwaka 2001 jarida la utabibu la Uingereza, Lancet, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Muheza, mkoani Tanga, juu ya dawa mchanganyiko ya kloroproguanili na dapsoni. Watoto ambao malaria yao ilikuwa imeishinda dawa ya SP walitibika kwa mchanganyiko huo, na bei yake ilikuwa nafuu. Mwaka 2003 uliidhinishwa Uingereza kwa jina la Lapdap, kwa matumaini makubwa. Mwaka 2008 mtengenezaji aliuondoa sokoni. Uchunguzi mkubwa zaidi, uliohusisha wagonjwa wa Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria na Tanzania, ulikuwa umeonyesha kwamba dawa yenye dapsoni iliwapunguzia damu kwa kiwango cha hatari wagonjwa wenye upungufu wa G6PD, hata baadhi wakahitaji kuongezewa damu.

Dapsoni ilijulikana tangu zamani kuwa ina tabia hiyo. Waliotengeneza Lapdap walitumaini kwamba, kwa kuwa dozi ilikuwa ya siku tatu tu, hasara ingekuwa ndogo na ya kupita. Lakini dawa ilikusudiwa zahanati za vijijini, mahali ambapo hapakuwa na kipimo cha G6PD kabla ya kidonge cha kwanza, wala mtu wa kupima wingi wa damu siku chache baada ya kidonge cha mwisho. Ilipelekwa dawa peke yake. Macho ya kuiangalia yalibaki katika vituo vya utafiti.

Mfano wa pili unatoka mbali, nao wafaa kuelezwa kwa urefu kwa sababu wahusika walishika njia nyingine. Uko ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Ndani yake kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huasi na kuushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Huwaanza zaidi watu walio katika umri wa kazi, kati ya miaka 20 na 40, wanawake kuliko wanaume. Mmoja hupoteza nuru ya jicho kwa majuma kadhaa, mwingine mguu hufa ganzi, mwingine hutembea akiyumba kama mlevi. Dalili huja na kuondoka, hata kwa wengine ulemavu ukabaki. Ni ugonjwa wa nchi za baridi hasa, na ni adimu karibu na ikweta, lakini Afrika Mashariki haikuepushwa nao. Madaktari wa Kenya wamekwisha kuandika habari za wagonjwa wao. Mtu anayeyumba leo na mwezi ujao akatembea sawasawa ni rahisi kudhaniwa kwamba karogwa, na hiyo ni sababu moja ya ugonjwa huo kutosikika.

Kwa muda mrefu hapakuwa na dawa ya kuuzuia. Mwaka 1993 Marekani iliidhinisha intaferoni beta, sindano ambayo mgonjwa hujichoma mwenyewe nyumbani. Iliwafaa wengi na ilionekana kuwa ya upole. Ilikuwa imekwisha kutumika miaka ishirini madaktari wa Uingereza walipoandika, mwaka 2014, juu ya wagonjwa wachache ambao shinikizo lao la damu lilipanda na figo zao zikaanza kushindwa kazi. Ndani ya mishipa myembamba kabisa damu ilikuwa ikiganda vibonge vidogo vidogo, ikizichana chembe nyekundu zilizopita na kuziziba figo. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliwatahadharisha madaktari kwamba madhara hayo yaweza kutokea hata baada ya miaka ya kuitumia dawa kwa amani.

Dawa nyingine, alemtuzumabu, ilizaliwa katika maabara za Cambridge. Hii haina upole. Mgonjwa hutundikiwa chupa siku tano. Baada ya mwaka mmoja hutundikiwa tena siku tatu. Kwa wengi hapo ndipo tiba inapoishia. Sehemu kubwa ya jeshi la kinga hufagiliwa, kisha jeshi jipya huchipuka polepole mahali pake. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2002, yaliyokuwa na wagonjwa 334, dawa hiyo iliishinda intaferoni waziwazi.

Mwaka 2005 utoaji wa dawa katika majaribio hayo ulisimamishwa. Wagonjwa watatu walikuwa wameishiwa na chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu isivuje, kwa sababu kinga mpya ilikuwa ikizila. Mmoja wao alivuja damu ubongoni akafa. Hapo ndipo walipoamua kwamba kila aliyepata dawa hiyo afundishwe dalili za hatari na apimwe damu kila mwezi. Wengine waliopatwa baadaye waligunduliwa mapema na kutibiwa. Ikaonekana pia hatari ya pili, adimu zaidi, ya watu wapatao watatu katika kila elfu: kinga hugeukia vichujio vya figo, na isipozuiwa haraka figo zaweza kufa katika muda wa majuma machache.

Jambo la kuzingatiwa na kila msomaji ni wakati wa kuja kwa hatari hizo. Haziji mgonjwa akiwa kitandani na sindano mkononi. Huja miezi mingi, pengine miaka, baada ya chupa ya mwisho, mgonjwa akiwa amerudi kazini na majirani wamekwisha kusahau kwamba aliugua. Ndiyo maana nchi za Ulaya zilipoidhinisha dawa hiyo mwaka 2013, na Marekani mwaka 2014, ziliweka sharti: damu ihesabiwe chembe zake, kreatinini ipimwe ili kujua hali ya figo, na mkojo uangaliwe, kila mwezi, hadi ipite miezi 48 tangu dawa ya mwisho. Maana yake ni kwamba mgonjwa ambaye hamezi kitu chochote tena hutakiwa kwenda maabara karibu mara hamsini. Mwaka 2019 Ulaya ilibana zaidi matumizi yake kwa sababu ya hatari nyingine, kiharusi kikiwa mojawapo.

Basi dawa moja iliondolewa kwa kukosa kipimo cha kufuatana nayo, na nyingine, iliyo kali mara nyingi zaidi, ilibaki kwa sababu kipimo kilifungwa pamoja nayo kwa amri. Ulinganisho huu una kasoro. Malaria ilikuwa imekwisha kupata dawa mseto ya ALu, kwa hiyo kuiacha Lapdap hakukumnyima mtu uhai. Mgonjwa wa maltipo sklerosisi iliyo kali hana mlango wa pili ulio wazi kiasi hicho. Hata hivyo tofauti ya fedha na ya maabara haifichiki. Mgonjwa wa Cambridge alipewa dawa na mlinzi wake. Mtoto wa kijijini Afrika alipewa dawa tu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za maltipo sklerosisi katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Alemtuzumabu haikuchaguliwa kwa ugonjwa huo. Lakini hata kladribini hupunguza chembe nyeupe za damu, na haipasi kutolewa mahali pasipo na mashine ya kuzihesabu. Orodha hiyo ndiyo kioo ambacho serikali nyingi hujitazama zinapotunga orodha zao. Milango ya dawa za namna hii imefunguliwa, na zitafika Ruvuma siku moja kama zilivyofika nyingine.

Wala mkoa hauna haja ya kungoja siku hiyo. Huduma ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ilianza kutolewa nchini kwa mpango wa Taifa mwaka 2004. Zidovudini, iliyotumiwa sana katika miaka ya kwanza, huweza kupunguza damu kwa baadhi ya wagonjwa, hasa katika miezi ya mwanzo. Tenofoviri, ambayo tangu mwaka 2019 imo katika kidonge kimoja pamoja na dolutegraviri, hutoka mwilini kwa njia ya figo, na kwa wachache huzidhuru. Haidroksiyurea, dawa inayowapunguzia maumivu wagonjwa wa selimundu, hudhoofisha uboho wa mifupa kama dozi yake haikuongozwa na hesabu ya chembe za damu. Na Tanzania ni miongoni mwa nchi za dunia zinazozaa watoto wengi wenye selimundu. Dawa za saratani ni hadithi nyingine ndefu.

Hapa lazima jambo moja lisemwe kwa sauti, ili andiko hili lisije likamdhuru mtu. Hatari hizi ni adimu, na ugonjwa ulioachwa bila tiba si adimu kuua. Anayemeza tenofoviri asiache hata siku moja kwa sababu ya aliyoyasoma gazetini. Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema kwamba ukosefu wa vipimo vya figo usiwe sababu ya kumnyima mgonjwa wa UKIMWI dawa. Kwa hiyo sheria moja haiwezi kuzitawala dawa zote. Ziko dawa ambazo zitolewe hata pasipo maabara, huku maabara ikitafutwa. Na ziko dawa ambazo zisitolewe kamwe pasipo maabara. Kuzitenga dawa hizo ni kazi ya madaktari na wafamasia wa mkoa, nao waiandike kazi hiyo ibandikwe ukutani, isiachwe katika kichwa cha mtaalamu mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

Kuhusu vipimo vyenyewe, Ruvuma ina tatizo la masafa ambalo mikoa mingine hailijui. Tunduru iko zaidi ya kilometa 250 kutoka Songea, na Songea yenyewe iko zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Songea mjini, hospitali ya misheni ya Peramiho iko jirani, na kila wilaya ina hospitali yake. Lakini mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa au wa vijiji vya mpakani, ng'ambo ya Mto Ruvuma ikiwa Msumbiji, hupoteza siku mbili kwa kipimo cha dakika kumi. Damu ya kuhesabu chembe nayo haisafiri vizuri. Ikikaa zaidi ya siku moja hivi chembe huanza kuharibika, na jibu litakalotoka halitakuwa la kuaminika. Mahindi ya Ruvuma yameweza kupata njia ya kufika kwenye maghala kwa wakati. Kichupa cha damu kisicho kizito kuliko punje chache za mahindi hayo hakishindikani, mradi ratiba iwepo ya pikipiki na mabasi na mtu mmoja awajibike nayo.

Mashine ya kuhesabia damu huzinduliwa kwa hotuba na picha. Haba ni hotuba zinazotolewa kwa ajili ya vitendanishi, na mashine isiyo na vitendanishi ni kabati la bei ghali. Bohari ya Dawa na halmashauri hazina budi kuviagiza vitendanishi kwa hesabu ileile inayoagizia dawa. Zikiagizwa dozi za haidroksiyurea za wagonjwa mia, basi viagizwe na vipimo vya damu vya watu mia kwa miezi hiyohiyo. Afisa anayeidhinisha karatasi ya kwanza bila ya pili ameidhinisha nusu ya tiba.

Kijiti cha mkojo nacho kitoke katika chumba cha akina mama peke yake. Kipo, kinajulikana, na mhudumu wa zahanati amekwisha kuzoea kukisoma. Kumpima nacho kila mwezi mgonjwa anayetumia dawa ya kudhuru figo hakuhitaji jengo jipya. Hakitagundua kila kitu, maana figo zaweza kudhurika kimyakimya na kreatinini ikapanda kabla mkojo haujabadilika. Lakini hugundua mengi, na humpa mgonjwa sababu ya kupelekwa hospitali ya wilaya siku hiyohiyo badala ya kungoja uvimbe.

Yupo pia mwuza dawa. Watu wa Ruvuma wana haki ya kujisifu kidogo katika jambo hili. Mwaka 2003 mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianza kama jaribio katika mkoa huu, kabla ya mkoa mwingine wowote, ili kuchukua mahali pa maduka ya dawa baridi ambayo mengi yaliuza dawa bila elimu wala mipaka. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa, na daftari la dawa zilizouzwa likatakiwa kuwekwa. Baadaye mpango ulienezwa Tanzania Bara. Kilichojaribiwa Songea kikawa kanuni ya nchi.

Duka hilohilo ndilo linaloweza leo kumwokoa mtu au kumharibu. Mwalimu anayetumia tenofoviri huumwa mgongo baada ya siku ndefu ubaoni. Huingia dukani akaomba diklofenaki, akaimeza majuma mawili, akaongeza tena. Diklofenaki na jamii yake hupunguza damu inayofika kwenye figo, na zikikutana na tenofoviri hatari huongezeka. Swali moja la mwuzaji, “Kuna dawa nyingine unayoitumia kila siku?”, lingetosha kumpeleka mteja kwenye parasetamoli. Swali hilo liulizwe kwa faragha, kwa kuwa hakuna atakayelijibu mbele ya foleni ya majirani. Na mwuzaji anapomwona mtu aliyepatwa na madhara baada ya dawa, habari zake zifike kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tanzania imo katika mpango wa dunia wa kufuatilia madhara ya dawa tangu mwaka 1993, lakini mpango huo hauwezi kujua lililotokea Mbamba Bay kama hakuna aliyeliandika.

Kwa upande wa walimu, wazee wao wa kazi wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima walipokusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, na mwalimu wa kijiji mara nyingi akawa kiongozi wa kikundi. Kichocho kilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyofundishwa, na tangu hapo mkojo mwekundu umekuwa na jina moja akilini mwa watu wengi. Elimu hiyo ilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Lakini haitoshi tena. Mtu anayetumia dawa kali akiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya kahawa, au wenye povu lisilokwisha, au uso umevimba asubuhi na miguu jioni. Akiona madoadoa mekundu ya ngozi yasiyofifia yanapobonyezwa, ufizi unaotoka damu bila sababu, hedhi isiyokatika, au weupe wa viganja na kuhema baada ya hatua chache, asijitibu kichocho wala asinunue dawa ya kuongeza damu. Aende akapimwe siku hiyo, na achukue mkononi dawa zake zote, hata za mitishamba, ili mganga azione.

Yabaki ya ofisini na shuleni, ambako kipimo hukwama mara nyingi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mkuu wa shule mwenye walimu saba mahali pa kumi na wawili huona ombi la ruhusa ya kila mwezi kuwa mzigo, na ana sababu. Anayeomba naye haonekani kuumwa. Huenda ana ugonjwa asiotaka utajwe, na hapaswi kulazimishwa kuutaja. Karatasi ya mganga isemayo kwamba fulani anahitajika kliniki kila tarehe fulani ingetosha, na maafisa elimu wa wilaya wangefanya jambo la maana kuwaandikia wakuu wa shule hivyo. Siku moja kwa mwezi iliyopangwa mapema katika ratiba ni nafuu kuliko miezi ya mwalimu aliyelazwa akisafishwa damu kwa mashine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao mtumishi huuchangia kila mwezi kutoka katika mshahara wake tangu mwaka 2001, nao ukikihesabu kipimo kuwa sehemu ya dawa, mtumishi hatalazimika kuchagua kati ya kreatinini na karo ya mtoto.

Halmashauri za Mkoa wa Ruvuma hutunga makadirio yake kila mwaka kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Katika vitabu hivyo dawa huwa na fungu lake na vifaa vya maabara fungu lake, mbalimbali, na upunguzaji unapofika la maabara huweza kupunguzwa. Waganga wakuu wa wilaya wanaweza kupeleka mezani mwaka huu ukurasa mmoja: majina ya dawa kali zinazotolewa katika wilaya, idadi ya wanaozitumia, kipimo kinachotakiwa kwa kila moja, na idadi ya vijiti na vitendanishi vya miezi kumi na miwili. Madiwani wanajua kusoma hesabu ya namna hiyo, na ukurasa huo ukikatwa, jina la aliyeukata litakuwa katika kumbukumbu za kikao.